Saa Ambazo Kiwanda Hakikuzilipia

Gitaa la bei nafuu likifika Nyeri huwa bado halijamalizwa. Mbao imechongwa sawasawa, rangi inang'aa, skrubu ziko mahali pake, na ukilitazama dirishani mwa duka huoni kasoro yoyote. Lakini kuna saa za kazi ya mkono ambazo kiwanda hakikuzilipia, na ni kwa kuziacha ndipo bei iliposhuka hadi mwalimu wa shule ya msingi, au kijana anayeanza kupiga mugithi, akaweza kuifikia. Mtu mwenye tupa, msasa na subira anaweza kuzirudisha saa hizo. Nimekaa na watu wa aina hiyo Nyeri na Karatina, kazi yenyewe nimeishika kwa mikono yangu, na kwangu ni mojawapo ya ufundi bora tulio nao katika miji ya kuuzunguka Mlima Kenya, ingawa haina chuo wala bango barabarani.

Gitaa ninalolisemea hasa ni Mustang la Squier, toleo jipya la gitaa ambalo kampuni ya Fender ilianza kuliuza mwaka 1964. Leo Fender alikuwa fundi wa redio huko Fullerton, California, kabla ya kuingia katika magitaa. Mwaka 1956 alitoa magitaa mawili madogo kwa ajili ya wanafunzi, Musicmaster na Duo-Sonic, yenye uzi wa inchi 22.5. Mustang likawafuata kama ndugu yao mkubwa: uzi wa inchi 24, pikapu mbili, yaani sumaku zinazozisikiliza nyuzi, swichi mbili za kusukuma kwa kidole, na mkono wa chuma wa kuzitikisa nyuzi. Lilikuwa gitaa la kujifunzia, na aliyeiva alitarajiwa kuliacha. Mwaka 1982 Fender ikaacha kulitengeneza. Mwaka huohuo ikaanzisha Squier, jina la kiwanda cha zamani cha nyuzi cha Michigan ambacho Fender ilikuwa imekinunua, ili iuze magitaa ya maumbo ya zamani kwa bei ya chini. Miaka ya 1990 vijana wa roki, Kurt Cobain wa Nirvana akiwa mbele yao, walikuwa wameyaokota Mustang ya zamani yaliyouzwa kwa bei ya mtumba, na ghafla kila mtu akalitaka gitaa la mwanafunzi. Leo toleo la Squier linaundwa Asia, na bei yake ni theluthi ya ndugu yake wa Marekani au chini ya hapo.

Kwenye gitaa, urefu unaohesabiwa ni wa ile sehemu ya uzi inayotetemeka, kutoka kijiti kilicho mpakani mwa kichwa na shingo hadi darajani. Stratocaster ina inchi 25.5, karibu milimita 648. Mustang ina inchi 24, karibu milimita 610. Inchi moja na nusu ni kitu kidogo kwa macho, si kwa vidole. Kutoka kijitini hadi freti ya nne, yaani kipande cha nne cha chuma kilichopigiliwa ubaoni mwa shingo, mkono wa kushoto unaokoa karibu milimita nane za kujitanua. Kwa msichana wa sekondari, hizo ndizo zinazoamua kama noti nne zitalia pamoja au moja itazimwa na kidole kilichoshindwa kufika. Tena uzi ukifupishwa, unene na noti vikibaki vilevile, mkazo unaohitajika hupungua kwa mraba wa urefu. Hesabu yake kwa Mustang ni pungufu ya karibu asilimia 11. Mtu akilishika mara ya kwanza husema ni laini, na hiyo ndiyo sababu. Ulaini huo una gharama yake, nitaifikia.

Niseme kwanza kwa nini gitaa hili linatufaa sisi. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, na Daniel Kamau, yule DK, waliusimamisha wimbo wa Kikuyu juu ya gitaa tangu miaka ya 1960, na santuri zilizouzwa River Road, Nairobi, zikapanda hadi huku kwetu. Baadaye ikaja mugithi, gitaa la mtu mmoja: mwimbaji mmoja, gitaa lake, pengine kinanda cha umeme cha kumtunzia mdundo, na ukumbi mzima umeshikana mabega ukienda kwa msururu kama gari la moshi. Mike Rua na Salim Junior walipata majina kwa mtindo huo. Mpigaji wa mugithi huanza na wimbo wa Kamaru, akauingiza ndani ya wimbo wa DK, akatokea kwenye ule wa Queen Jane, na hasimami mpaka mtu anayemtuza amridhie. Nyimbo ni za zamani. Kinachowafanya watu waache glasi mezani ni mkono wa yule aliye mbele yao usiku huo. Kamaru alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake wa jina lilelile, msanii wa sauti anayejulikana duniani kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye intaneti. Kwa hiyo toleo jipya la kitu cha zamani si jambo geni kwetu. Tumezoea kupokea umbo lililokwisha kufanywa na wengine na kuweka ndani yake kazi yetu.

Na kabla ya magitaa ya dukani yalikuwapo ya debe. Wazee wengi wa milima hii, na wa Kenya nzima, walijifunza kwenye gitaa walilolitengeneza wenyewe kwa debe la mafuta, ubao wowote uliopatikana, na waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa nyuzi moja moja. Mtoto aliyepiga gitaa la namna hiyo alijua, kabla hajajua jina la noti yoyote, kwamba shingo ikipinda sauti inapotea, na kwamba uzi ukiinuliwa mno vidole vinavuja damu. Fundi wa leo anayeinamia Mustang la Squier akiwa na taa ya kichwani anafanya kazi ya ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba debe lilianza bila chochote, na hili limeanza likiwa limebakiza kidogo.

Kazi huanza kwa kusikiliza bila umeme. Karatina kuna fundi ambaye riziki yake kubwa ni amplifaya na redio za magari, magitaa yakimjia katikati. Nilipompelekea Mustang, nilikuwa nimeshika waya wa spika mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "hiyo spika iache kwanza. Tulisikilize lenyewe." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka sikio karibu na pembe ya mwili wa gitaa, na akapiga kila uzi kwenye kila freti, mmoja baada ya mwingine, bila haraka na bila wimbo. Freti 22, nyuzi 6. Palipokuwa na mkwaruzo aliweka alama ya penseli kwenye utepe wa karatasi alioubandika pembeni mwa shingo. Alipomaliza, ule utepe ulikuwa ramani ya kila kitu ambacho kiwanda kilikiacha. Nimewaona mafundi wengi wakianza na bisibisi. Huyu alianza na sikio, na tangu siku hiyo sijaona njia iliyo bora zaidi.

Kinachofuata ni shingo. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Aberdare upande wa pili, na mbao hapa haipati pumziko. Masika ya Machi hadi Mei huijaza unyevu, Julai huleta ukungu na baridi inayokaa hadi mchana, Januari na Februari huikausha. Shingo iliyofungwa sawa katika kiwanda chenye hewa ya kupimwa hufika huku ikaanza kutafuta umbo jingine. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto wa nyuzi, na kazi ya fundi ni kuzipatanisha nguvu hizo mbili. Haitakiwi kunyooka kabisa. Uzi unaotetemeka unahitaji nafasi, kwa hiyo shingo hupewa mbonyeo mdogo sana: ukiubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, katikati, kama freti ya nane hivi, pabaki mwanya wa robo milimita.

Robo milimita inapimwaje Karatina? Fundi wangu alivuka barabara hadi kwa mekanika na kuazima vile vibati vyembamba vya chuma ambavyo hupimiwa mwanya wa plagi na valvu. Ni kipimo kilekile, na kwa kazi hii hakuna kinachokishinda. Aliingiza kibati chini ya uzi, akageuza fimbo kwa spana ya pembe sita, robo ya mzunguko peke yake, akaliegemeza gitaa ukutani na kuendelea na redio ya matatu. Aliligusa tena kesho yake. Mbao haijibu papo hapo, na anayeikimbiza hujikuta ameipitisha, akairudisha, akaipitisha tena, mpaka fimbo inalegea kabisa. Kuliacha gitaa ukutani usiku kucha ni sehemu ya kazi kama kugeuza spana, na ndiyo sehemu ambayo kiwanda hakiwezi kuimudu, kwa kuwa kila saa gitaa likikaa bila kuguswa linashika nafasi ya jingine.

Halafu freti. Hizi ndizo zinazoonyesha wazi ni wapi pesa ziliishia. Vipande 22 vya chuma vimepigiliwa ubaoni na mashine, na vingi viko sawa, ila viwili au vitatu vimesimama juu kuliko wenzake kwa unene wa karatasi. Uzi ukibanwa kwenye freti ya tano unagonga ya sita iliyojiinua, na hapo ndipo mkwaruzo ulipotokea. Fundi hunyoosha shingo kwa ile fimbo, huzipaka freti zote wino wa maka, kisha hupitisha juu yake kipande cha chuma kilichonyooka kilichobandikwa msasa laini. Wino ukitoka, freti hiyo iko juu. Usipotoka, iko chini. Anaendelea mpaka wino utoke kidogo kwenye kila moja. Sasa vichwa vya freti vimekuwa bapa, na freti bapa huipindisha noti, kwa hiyo kila moja lazima irudishiwe mviringo wake kwa tupa ndogo, kisha ing'arishwe kwa msasa unaozidi kuwa laini hadi chuma kiwake.

Kuna jambo moja hapa ambalo sitaki lipotee. Mwishoni mafundi wengi husugua kwa pamba ya chuma, ileile ya kusugulia sufuria, na unga wake hurukia sumaku za pikapu na kunasa humo, ukaziba sauti kwa miaka. Pikapu zibandikwe utepe kwanza. Utepe ni wa shilingi chache, na pikapu iliyonasa unga haisafishiki vizuri tena.

Ncha za freti nazo zina kisa chao. Ubao hukauka na kusinyaa, chuma hakisinyai, na ncha hutokeza pembeni mwa shingo. Mpigaji akiteremsha kiganja anahisi meno. Gitaa jipya lililofika Januari huwa na meno hayo karibu kila mara. Ziondolewe kwa tupa iliyolazwa kwa mshazari, kisha kila ncha iviringwe peke yake, kushoto 22 na kulia 22. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeiona akilitazama gitaa, ila kila anayelishika hupumua na kusema gitaa hili ni la zamani, limezoeleka. Kiganja chake kinazipokea zile saa bila yeye kujua ziliingia lini.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, yaani kile kijiti cha kichwani chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupitia. Kiwandani mara nyingi huwa cha plastiki, na mifereji yake huachwa juu kwa makusudi, kwa kuwa mfereji wa juu hauleti malalamiko dukani ilhali wa chini mno huleta. Lakini mfereji ukiwa juu, kuubana uzi kwenye freti ya kwanza kunauvuta, na noti inapanda. Mwanafunzi anatyuni gitaa lake barabara, anashika noti za mwanzo za wimbo, na zinalia kombo. Anadhani sikio lake lina kasoro. Sijui ni watoto wangapi waliliweka gitaa uvunguni kwa sababu ya plastiki hiyo, ila najua jinsi ya kuiondoa.

Kijiti kizuri ni cha mfupa, na Nyeri haina uhaba wa mfupa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene ulionyooka, hupatikana katika bucha yoyote, na mwenye bucha hukupa bure akishangaa. Unachemshwa, uboho na mafuta yatoke, unachemshwa tena kwa sabuni ya unga, kisha unaachwa ukauke kivulini mpaka uwe mweupe na mkavu kama chaki. Ukikatwa ukiwa bado una mafuta utanuka na kubadilika rangi. Ukikauka vizuri hukatwa kwa msumeno wa chuma vipande vya milimita tatu na nusu hivi, na kusuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka uketi katika nafasi yake bila gundi. Fundi asiye na subira huweka gundi nyingi kufunika mwanya. Aliye nayo hurudi kwenye kioo.

Mifereji ndiyo inayohitaji mkono hodari. Tupa maalumu za kazi hii ni ghali na huagizwa mbali, lakini wachomeleaji wa gesi wana vile vijitupa vyembamba vya duara vya kuzibulia tundu la mdomo wa moto, vya unene tofauti tofauti, katika kibati kimoja mfukoni. Vinakaribia kabisa unene wa nyuzi. Kila mfereji hukatwa ukiinamia upande wa kichwa, ili uzi uguse ukingo wa mbele peke yake. Ukigusa nyuma ndani ya mfereji, unalia kama nyuki. Kina kinapimwa hivi: bana uzi kwenye freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Pabaki mwanga mdogo kabisa, wa unene wa karatasi. Kila mpito wa tupa unaondoa kiasi kisichoonekana, na hakuna njia ya kukirudisha. Nilimwona mzee mmoja akipitisha tupa mara mbili, akarudisha uzi, akatyuni, akabana, akatazama, akalegeza uzi, akapitisha tupa mara moja tena. Alifanya hivyo kwa mifereji yote sita, asubuhi nzima, na yule kijana mwenye gitaa alikuwa amekaa kando akitazama bila kusema neno. Alipolipokea alishika noti za mwanzo wa wimbo wa kanisani, karibu kabisa na kichwa, na zote zilikaa.

Darajani mambo ni mepesi zaidi, ingawa Mustang lina ukaidi wake. Daraja lake limesimama juu ya miguu miwili iliyo huru, likitikisika pamoja na ule mkono wa chuma. Kwa anayetumia mkono huo ni sawa. Wapigaji wetu hawautumii, kwa hiyo daraja linalotikisika linawapotezea utulivu wa noti tu. Funga utepe kuzunguka ile miguu mpaka ikae imara tunduni. Tena, ikiwa nyuzi zinapita darajani zikiwa zimelala mno, zikiruka kutoka vijifereji vyake unapopiga kwa nguvu, fungua skrubu nne za shingo uweke kipande chembamba chini yake ili shingo iinamishwe kidogo nyuma, na daraja liweze kuinuliwa. Nimeona kadi ya kukwangua salio ikifanya kazi hiyo vizuri. Mimi napendelea ubao mwembamba uliosuguliwa kwa umbo la kabari, kwa sababu unagusana na mbao pote.

Hapo ndipo nyuzi zinapofikiwa, na ule ulaini niliousema unadai gharama yake. Mpiga mugithi hana mpiga besi. Dole gumba lake ndilo besi, na hupiga kwa nguvu, usiku kucha. Uzi wenye mkazo mdogo ukipigwa kwa nguvu hupanda noti wakati wa pigo, kisha hushuka. Besi inakuwa ya kilevi. Dawa yake ni unene. Kwenye gitaa refu wengi hutumia seti inayoanza na uzi wa unene wa sehemu 10 kati ya elfu za inchi moja. Kwenye Mustang weka seti inayoanza na 11, na mkazo wake utazidi kidogo ule wa seti ya 10 kwenye gitaa refu, kwa karibu asilimia 7. Uzi mzito wa chini uwe mnene zaidi ya seti ya kawaida kama dole gumba ni la mtu aliyezoea jembe. Mifereji ya kile kijiti cha mfupa basi ikatwe kwa nyuzi hizo. Ndiyo maana nasema anayetaka kulibadilisha gitaa aamue kwanza litapigwa nini na nani. Gitaa la msichana wa sekondari nililiwekea seti nyepesi kwa makusudi, na nililifurahia vilevile.

Umeme nitaupita haraka. Pikapu za Mustang ni za koili moja, na koili moja husikia kila kitu: taa za mirija, friji ya soda, waya wa ukutani unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Bandika ndani ya mashimo ya mwili karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi, na mvumo hupungua sana. Shaba ikikosekana, karatasi ya alumini ya jikoni hufaa, ila haishiki lihamu, kwa hiyo lazima ibanwe na skrubu. Vidude vya kurekebisha sauti vikikwaruza, vipya vinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi. Na kumbi nyingi za zamani hazina ardhi ya kuaminika, basi mpigaji asikaribie maikrofoni kwa mdomo kabla haijapimwa kama ina umeme. Hilo lina uzito kuliko sauti yoyote.

Wengi huanza na kubadilisha pikapu, nami napinga. Vijana huuza gitaa la kwanza ili wanunue pikapu za kuweka kwenye la pili, kisha wanazifunga juu ya shingo iliyopinda na kijiti cha plastiki, na gitaa linakuwa lilelile ila lina kelele zaidi. Sumaku husikia tu kile ambacho uzi unafanya. Uzi usipoketi sawa, pikapu ya bei yoyote itapeleka kosa hilo kwenye spika kwa uaminifu. Shingo, freti, kijiti, daraja, nyuzi, kwa utaratibu huo. Na mara nyingi, ukifika mwisho, pikapu za kiwandani zinageuka kuwa nzuri. Napinga pia desturi ya kulikwangua gitaa jipya rangi ili lionekane kuukuu. Gitaa litazeeka lenyewe likipigwa, na la bei nafuu lina haki ya kuzeeka kwa kazi yake.

Kuna mahali Mustang halifiki. Juu shingoni, baada ya freti ya kumi na mbili, nafasi zinabana. Kwenye freti ya kumi na tano umebakiwa na milimita 14 na kidogo hadi ya pili yake, na kidole kinene hakipiti bila kuigusa jirani. Wapigaji wa benga wanaoishi huko juu, gitaa la kwanza likikimbizana na la pili, watataka gitaa refu, na fundi mwaminifu atawaambia hivyo badala ya kuwauzia kazi. Lakini kwa mtu mmoja anayeimba na kujipigia, dole gumba chini na vidole viwili juu, ambaye hukaa nusu ya chini ya shingo, sijaona linalomfaa zaidi. Halina sanduku, kwa hiyo halipigi mayowe likisimama karibu na spika kama gitaa la kawaida lifanyavyo katika ukumbi mdogo. Ni dogo, linaingia kwenye matatu ya Nanyuki bila kulipiwa kiti.

Zimebaki swichi mbili, na hapa mafundi hugawanyika. Kila pikapu ina swichi yake ya hatua tatu: washa, zima, na washa kinyume. Ukiwasha moja sawa na nyingine kinyume, mawimbi ya pikapu mbili yanapingana, sauti nzito zinafutana, na kinachobaki ni chembamba, cha puani. Wengi hawaioni maana yake. Huzitoa swichi zote na kuweka moja ya kawaida ya hatua tatu, na ni kweli usiku wa giza jukwaani moja ni rahisi kuishika. Mimi niliziacha. Nyimbo za mwomboko, ambazo wazee wa Nyeri na Murang'a walizicheza kwa kodiani na pete ya chuma ya karing'aring'a miaka mingi kabla gitaa la umeme halijapanda huku, zina melodi inayotaka sauti ya namna hiyohiyo, kavu na ya puani, inayopenya katikati ya miguu mingi bila kushindana na mwimbaji. Jioni moja karakanani nilisukuma swichi ya pili kinyume na kuanza melodi moja ya mwomboko, na fundi wa Karatina, aliyekuwa bado ameshika spana, akaitundika beringi kuukuu kidoleni na kuanza kuigonga kwa mpigo wa hatua mbili na kuinama. Mekanika akaja kudai vibati vyake vya kupimia, akasimama mlangoni, na akaniambia nipandishe sauti.